Klorini Iliyobaki Mpirani

Niliwaua vyura wa binti yangu, kisha kwa miezi kadhaa nikasema walikufa kwa ugonjwa.

Alikuwa na vyura wanne wa buluu wa jamii ya Dendrobates tinctorius, ambao kwao hasa ni Suriname. Tuliwanunua wakiwa wadogo kwa mfugaji mmoja hapa Ohio tunakoishi. Porini vyura hawa wana sumu kwenye ngozi, wanayoipata kwa kula sisimizi na utitiri; waliozaliwa kwenye kasha la kioo na kulishwa inzi wa matunda hawana sumu hiyo. Wanachohitaji sana ni unyevu. Kwa hiyo niliwafungia mfumo wa kupulizia maji: ndoo sakafuni, pampu, mpira mwembamba unaopanda hadi kwenye kifuniko cha kasha, na nozeli mbili zinazotoa ukungu. Taima iliwasha pampu asubuhi na jioni bila mtu kugusa kitu.

Habari za maji nilizijua. Nilijua kwamba miji mingi ya Marekani hutia kloramini kwenye maji ya bomba, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, na kwamba hiyo haiishi kwa kuyaacha maji wazi usiku kucha. Nilijua chokaa huziba nozeli, ndiyo maana nilikuwa nikinunua maji yaliyochujwa. Nayaeleza haya ili nisije nikajitetea kwamba sikujua.

Hata maji safi yakikaa sana, ndoo huota utando wa bakteria. Ukipitisha kidole unahisi utelezi. Jumamosi moja jioni niliamua kusafisha mfumo mzima kwa klorini ya kufulia nguo nyeupe, nikaizimua kwa maji. Uamuzi huo haukuwa na kosa. Wafugaji wengi hutumia klorini kusafishia vyombo, maana huua hata kuvu wa ngozi wa Batrachochytrium, aliyeangamiza vyura katika mabara kadhaa. Nilifungua nozeli, nikaziweka juu ya beseni, nikaiendesha pampu mpaka mpira ukajaa dawa. Niliiacha ikae, kisha nikaisuuza ndoo vizuri, nikaisuuza tena, nikaijaza maji safi na kuzirudisha nozeli mahali pake. Mpira sikuusuuza.

Hakuna aliyenikatiza. Wakati nakaza nozeli ya pili niliisikia harufu. Nikajiambia kilichobaki mle ni kidogo tu. Nilikuwa nimechoka, nikaenda kulala.

Baadaye nilipiga hesabu. Mpira wenye uwazi wa milimita 4 hubeba takriban mililita 12 na nusu kwa kila mita. Wangu ulikuwa na urefu wa mita nne hivi, kwa hiyo mle ndani zilikuwamo mililita 50 za dawa, kiasi cha kikombe kimoja cha kahawa ya barazani. Zote zilipulizwa juu ya viumbe ambao hata gramu 10 hawafiki. Na chura hanywi kwa mdomo. Huketi penye unyevu, maji yakaingia kupitia ngozi ya tumbo na mapaja, na sehemu ya pumzi yake hupita kwenye ngozi hiyohiyo. Kinachomwagikia chura ndicho anachokunywa.

Asubuhi binti yangu ndiye aliyewaona kwanza. Watatu walikuwa wamekufa. Mmoja wao alikuwa amepanda kioo hadi alipoishia, pembeni kabisa, miguu ya nyuma imenyooka, mgongo wa buluu umefunikwa na ute mzito. Wa nne alikuwa bado anatikisika. Nilimtia kwenye bakuli nikammiminia maji yasiyo na dawa, nikayamwaga, nikammiminia mengine, mpaka akatulia. Huyo alipona. Lakini kabla ya kumshika, nilifungua dirisha ili harufu itoke binti yangu asije akaisikia. Hakuna aliyekuwa ameniuliza chochote, na tayari nilikuwa naficha.

Nilimwambia ni ugonjwa. Nikamwandikia mfugaji maneno hayohayo. Aliniuliza kuhusu maji. Nikamjibu kwamba ni yaliyochujwa, jambo ambalo lilikuwa kweli. Alinirudishia pesa zangu, akawatenga vyura wote wa uzao ule, akasitisha kuwauza.

Na binti yangu aliamini kwamba ugonjwa ule ameuleta yeye. Siku chache kabla alikuwa amecheza kando ya bwawa na wenzake. Akaanza kunawa mikono mpaka ikakauka, akakataa kumkaribia yule chura aliyebaki. "Baba, huyu naye ataumwa?" Nilimtazama akiuliza hivyo, na bado nikanyamaza.

Kilichonishinda ni safari ya Toledo. Bustani ya wanyama ya huko inafuga vyura wa Kihansi, na nilimpeleka ili aone kitu cha nyumbani kwetu Tanzania. Nilimweleza jinsi bwawa la umeme lilivyopunguza maji ya maporomoko katika korongo lile la Udzungwa, vyura wakakosa rasharasha waliyoitegemea, mafundi wakafunga mabomba ya kuwanyunyizia. Mwaka 2000 vyura 499 waliletwa Marekani, na wengi wao walikufa miaka ya mwanzo. Kule korongoni idadi iliporomoka mwaka 2003, na kuvu yule wa ngozi akaonekana kati yao. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba hawapo tena porini. Waliozaliwa ugenini walianza kurudishwa Kihansi mwaka 2012. Binti yangu aliniuliza kama wale waliokufa mwanzoni, walezi wao walisema kilichowaua. Nikamjibu kwamba walitafuta sababu na kuziandika, ndiyo maana wengine waliishi.

Usiku ule nilimwandikia mfugaji kila kitu, nikamrudishia pesa zake pamoja na gharama ya kipindi alichosimamisha biashara. Asubuhi nikamwambia binti yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza: kwa hiyo haikuwa mikono yake? Nikamwambia haikuwa mikono yake. Hakusema neno jingine siku nzima, na alikuwa na haki.

Sasa siku ya usafi taima inachomolewa ukutani kwanza. Maji safi yenye dawa ya kuondoa klorini yanapitishwa kwenye mpira na nozeli hadi beseni lijae, linamwagwa, linajazwa tena. Siki ya kuondolea chokaa inasubiri siku nyingine kabisa, kwa sababu ikikutana na klorini hutoa hewa ya sumu. Kisha tunachovya karatasi ya kupimia klorini kwenye maji yaliyotoka kwenye nozeli, si yale ya ndoo. Karatasi hiyo anaisoma binti yangu, na ni yeye anayerudisha taima ukutani.