Wajir: Mji wa Visima na Kumbukumbu

Msafiri atokaye Pwani kwenda Wajir hupita Malindi, Garsen na Hola, kisha huvuka daraja la Mto Tana na kuingia Garissa. Kutoka hapo husalia zaidi ya kilomita 300 kuelekea kaskazini, kupitia Modika na Habaswein. Sisi tuliolelewa chini ya minazi tulijikuta katika nchi tambarare ya migunga, ambako gari husimama kuwapisha ngamia.

Wajir ni mji ulioletwa na maji. Wazee husimulia kwamba visima vyake vilichimbwa na Madanle, watu wa miraba minne waliokaa huko kabla ya koo za sasa. Katika visima vya Orahey tuliwakuta wachungaji wakichota kwa ndoo na kumimina horini, mifugo ikingoja zamu. Kila aliyewahi kuutaka mji huu aliyataka maji haya.

Magharibi ya mji, umbali wa kilomita zipatazo 15, upo uwanja wa ndege wa Wagalla. Mahali pengi palipomwagika damu huwekwa mizinga na sanamu za majemadari. Wagalla hapakuwa na majeshi mawili. Mnamo Februari 1984, askari wa serikali waliwakusanya hapo wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawaweka juani siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti ya 2013, ilitaja idadi inayokaribia 1,000. Tuliwaombea rehema, na vijana wetu wakauliza maswali ambayo vitabu vyao vya shule havijawajibu.

Lakini haifai kumwonesha kijana Wagalla, kisha usimpeleke sokoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 koo za Wajir zilipigana zenyewe kwa zenyewe. Mwaka 1992 wanawake waliokutana arusini waliamua kwamba yatosha. Miongoni mwao alikuwamo mwalimu Dekha Ibrahim Abdi. Kazi yao ya kwanza ilikuwa kulinda soko, ili mama wa ukoo wowote auze na anunue bila kufukuzwa. Baada ya soko wakawaendea wazee, na mwaka 1993 wazee wa koo wakatia saini Azimio la Al-Fatah. Bi Dekha alitunukiwa Tuzo ya Right Livelihood mwaka 2007, akafariki 2011 kutokana na ajali ya barabarani. Mola amrehemu.

Enyi wazazi, mkijaaliwa safari hii, ulizeni kwanza hali ya usalama, chukueni vitambulisho, wala msimpige mtu picha bila idhini yake. Kisha wapelekeni watoto Orahey, Wagalla na sokoni, kwa mpango huo. Wajue kwamba amani ya mji mzima iliwahi kuanzia kwa wauza maziwa na mboga.