Tulivyolelewa Kuwa Watafiti

Mwishoni mwa miaka ya 1990 niliajiriwa kuwa mkufunzi msaidizi wa uchumi katika chuo kimoja cha hapa Tanzania. Barua ya ajira ilinipa kazi tatu: kufundisha, kutafiti na kuihudumia jamii. Kufundisha nilikuwa nimekuona kwa walimu wangu tangu shule ya msingi, hivyo nilikuwa na pa kuanzia. Utafiti sikuwa nimewahi kuuona ukifanyika. Nilisoma makala za wakubwa wangu zikiwa zimekwisha kuchapishwa, safi na zenye majedwali yaliyopangika, lakini rasimu ya kwanza yenye makosa na mistari ya kalamu nyekundu hakuna aliyenionyesha. Leo mimi ni miongoni mwa wakubwa hao, na kila mwaka idara yetu inapokea wakufunzi wasaidizi wapya. Ndiyo maana nimeona niandike jinsi kizazi changu kilivyopata malezi ya utafiti.

Wakubwa wale sikuwalaumu wakati ule, wala leo siwalaumu. Vyuo vilikuwa vimetoka kwenye dhiki ya miaka ya 1980. Serikali ilipofikia makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, shilingi ilikuwa imeporomoka na mshahara wa mhadhiri haukufika katikati ya mwezi. Wengine walifuga kuku na ng'ombe wa maziwa, wengine wakaenda kufundisha Botswana na Lesotho. Maktaba ziliacha kulipia majarida. Ulipita kwenye rafu ukakuta toleo jipya kuliko yote ni la miaka mingi iliyopita. Waliobaki vyuoni walijikimu kwa kazi za ushauri, na mtu anayekesha akimalizia ripoti ya mfadhili ili apate ada za watoto hana saa ya kukaa na mkufunzi msaidizi wajadili andiko lake la utafiti.

Njia ya kuwa mtafiti tuliyoijua ilikuwa kwenda ng'ambo. Waliotutangulia walipitia huko: Benno Ndulu alipata uzamivu wake Northwestern na Ibrahim Lipumba akaupata Stanford, wote nchini Marekani, kisha wakarudi kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kwa rika langu nafasi hizo zilikuwa haba, na habari zake zilichelewa njiani. Tangazo la skolashipu lilipita ofisi kadhaa kabla ya kubandikwa ubaoni, na mara nyingine lilibandikwa tarehe ya mwisho imeshapita. Aliyekuwa na mtu wake ofisini alilisoma mapema. Mimi nilikuwa na mtoto mchanga, na kwa mwanamke wa hali yangu hata skolashipu ikipatikana lilibaki swali zito: mtoto utamwachia nani miaka yote hiyo? Nawafahamu wenzangu wenye vichwa vizuri kuliko changu ambao swali hilo liliwarudisha nyumbani, na safari yao ya usomi ikaishia hapo.

Kwetu sisi wanauchumi mambo yalibadilika kwa sababu ya kazi iliyoanzia Nairobi. Mwaka 1988 ilianzishwa AERC, asasi ya utafiti wa uchumi wa Afrika, ikiwa imetokana na mtandao mdogo wa watafiti wa Afrika Mashariki na Kusini uliofadhiliwa na IDRC, shirika la Kanada la kufadhili utafiti. Ndulu alikuwa miongoni mwa walioijenga, akaiongoza katika miaka ya 1990, na baada yake wakafuata Watanzania wengine wawili, Delphin Rwegasira na William Lyakurwa. Watu wengi wanamkumbuka Ndulu kama Gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008. Mimi namkumbuka zaidi kwa kazi ile ya Nairobi, kwa sababu watu wa rika lake waliamini kwamba mchumi wa Afrika anaweza kulelewa papa hapa Afrika, nao wakaweka utaratibu wa kuifanya imani hiyo itekelezeke.

Utaratibu wa kwanza ulikuwa shahada ya uzamili ya ushirikiano, iliyoanza 1993. Waasisi wake walitambua kwamba idara moja peke yake, yenye walimu wachache, haiwezi kufundisha masomo yote ya juu. Basi wanafunzi walisoma masomo ya msingi katika vyuo vyao, kisha wakakutanishwa Nairobi kwa miezi kadhaa kusoma masomo ya kuchagua chini ya walimu waliotolewa nchi mbalimbali. Nilikwenda, na mama yangu akabaki na mtoto. Nililala chumba jirani na Mganda, nikakaa dawati moja na Mzambia na Mhabeshi, na kwa mara ya kwanza nikajua kwamba matatizo niliyodhani ni ya chuo chetu yalikuwa ya sote. Usiku tulifundishana. Aliyejua hesabu alimfundisha aliyejua kuandika, na siku ya pili wakabadilishana.

Utaratibu wa pili ndio ulionifanya mtafiti. Mara mbili kwa mwaka AERC iliitisha warsha ya utafiti. Ulipeleka andiko lako, likisomwa na kukubaliwa uliitwa kuliwasilisha mbele ya wenzako na wachumi waliobobea, Waafrika na wageni. Ukirekebisha, ulipewa ruzuku, na ruzuku ilitoka kwa awamu. Warsha iliyofuata ulirudi na kazi ikiwa njiani, na baadaye ukarudi tena na ripoti kamili. Katika kila hatua walikuwapo watu waliosoma ukurasa kwa ukurasa.

Andiko langu lilihusu wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro baada ya biashara ya kahawa kufunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi mwaka 1994. Nilikuwa nimetumia bei za mnada wa Moshi na kukokotoa jinsi kipato cha kaya kilivyobadilika. Mchumi mmoja mzee aliniuliza kwa sauti ya upole: huyu mama wa Rombo anauza kahawa mnadani? Nikajibu kwamba anamuuzia mnunuzi anayepita kijijini. Akasema, basi tuambie huyo mnunuzi anamlipa nini, lini, na kwa mizani ya nani. Mwingine akataka kujua kwa nini nimeihesabu kaya kama mkoba mmoja, ilhali baba ndiye anayepokea fedha za kahawa na mama za ndizi. Nilirudi Kilimanjaro na dodoso jipya. Nilikaa na wanunuzi, nikaziona mizani zao, nikawahoji wanawake bila waume zao kuwapo. Utafiti uliotoka hapo ulikuwa kitu kingine kabisa. Na warsha iliyofuata, yule mzee alikuwa ameketi palepale, rasimu yangu ya kwanza ikiwa mkononi mwake, akilinganisha.

Ninaamini siri ya malezi yale ilikuwa katika huko kurudi. Watu walewale waliokukosoa ndio waliokungoja uwaonyeshe ulichofanya na ukosoaji wao. Hukuweza kuzikwepa hoja, wala wao hawakuweza kukusahau. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na sisi tulilelewa na watu waliotuuliza maswali yaleyale hadi tukajifunza kujiuliza wenyewe.

Mwaka 2002 AERC ilianza mpango wa uzamivu wa ushirikiano, na kwa Afrika Mashariki shahada hiyo ilitolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nilisoma kwa mpango huo, mwanangu akiwa shule ya msingi, nikawa namwona kila nilipoweza kupanda basi. Ni jambo dogo kwa asiyelihitaji. Kwangu mimi, na kwa wanawake wengi wa rika langu, uzamivu wa karibu na nyumbani ndio uliowezekana.

Wenzetu wa fani nyingine walikuwa na njia zao. Wa sayansi ya jamii walikuwa na CODESRIA ya Dakar, iliyoanzishwa 1973, na OSSREA ya Addis Ababa, iliyoanzishwa 1980, ambazo zilitoa ruzuku kwa watafiti chipukizi na kuendesha mafunzo ya mbinu za utafiti. Wa kilimo walipata RUFORUM, mtandao wa vyuo wenye makao yake Kampala tangu 2004. Rafiki yangu wa afya ya jamii alipitia CARTA, mpango wa kulea watafiti ulioanzishwa 2008 na kuongozwa kwa pamoja na taasisi ya APHRC ya Nairobi na Chuo Kikuu cha Witwatersrand. Wanafunzi wa uzamivu wa CARTA waliingia kwa kundi moja na kukutana katika semina nne za pamoja, kuanzia kubuni swali hadi kujiandaa kwa maisha ya baada ya shahada. Alinieleza jambo lililonifurahisha: CARTA iliwafundisha pia wasimamizi wa tasnifu, wakutubi na maofisa utawala wa vyuo vyao. Waanzilishi wake walielewa kwamba ukimfunza kijana kisha ukamrudisha katika ofisi isiyojua kazi yake, umefanya nusu ya kazi.

Kisha ikaja intaneti. Tulizoea kuomba makala kwa rafiki aliye ng'ambo na kungoja bahasha. Mpango wa HINARI wa mwaka 2002 uliwafungulia wenzetu wa afya majarida ambayo maktaba zetu zisingeweza kuyalipia. Mwaka 2007 ilianza AuthorAID, inayomuunganisha mtafiti chipukizi na mlezi wa kumsaidia kuandika hata akiwa nchi nyingine. Julai 2009 kebo ya SEACOM iliyopita chini ya bahari ilianza kazi Dar es Salaam na Mombasa, na kasi ya intaneti ikawa ya kufanyia kazi. Takwimu nazo zikapatikana. Utafiti wa kitaifa unaozifuatilia kaya zilezile awamu hadi awamu, ulioanza 2008/09, mtafiti anaweza kuupakua akiwa mezani kwake. Mimi nilikuwa nimetembea na dodoso mlima mzima kutafuta sehemu ndogo tu ya yaliyomo humo.

Kijana anayeajiriwa leo ana nafasi ambazo hatukuziota. Matangazo ya skolashipu yanamfikia kwenye simu siku hiyohiyo, awe na mtu ofisini au asiwe naye. Tangu janga la korona la 2020 anaweza kuhudhuria semina ya Accra asubuhi na ya Cape Town jioni bila kutoka Mbeya. Serikali, kupitia mradi wa HEET ulioanza 2021 kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, imesomesha wahadhiri wa vyuo vya umma katika ngazi za uzamili na uzamivu. Haya ni maendeleo ya kweli na ninayashukuru.

Lakini ninapozungumza na vijana hao nasikia upungufu ambao wingi wa nafasi haujauziba. Mafunzo mengi wanayopata ni ya siku mbili au tatu. Mtaalamu anakuja, anafundisha jinsi ya kuandika andiko la kuombea fedha au kutumia programu ya takwimu, cheti kinatolewa, picha inapigwa, na hakuna anayerudi baada ya miezi sita kuuliza rasimu iko wapi. Wakati huohuo kijana amepangiwa madarasa yenye mamia ya wanafunzi, na vitabu vyao vya majibu vinamngoja wikiendi. Kupandishwa cheo kunahesabu machapisho, na kwenye barua pepe yake kuna majarida yanayoahidi kumchapisha ndani ya wiki moja kwa ada bila mtu kuisoma kazi yake. Asiposomwa na sisi, atawalipa wasiomsoma. Hilo ni kosa letu wakubwa kuliko lake.

Idarani kwetu tumeanzisha kikao cha kusoma rasimu. Anayewasilisha hutuma kazi yake mapema, kila mmoja huja ameisoma na kuandika pembeni, na mwenye kazi husikiliza kwanza ndipo ajibu. Anaporekebisha, anairudisha kwa watu walewale. Kijana mmoja alileta utafiti kuhusu mikopo ya simu, akiwa amechukulia kwamba kila laini ni ya mtu mmoja. Mwenzake, mkufunzi msaidizi kama yeye, akamuuliza kuhusu wanawake wanaokopa kwa laini ya dada au ya mume. Alirudi kukusanya data upya. Kikao hicho hakihitaji mfadhili wala hoteli. Kinahitaji chumba na watu walio tayari kusoma.

Kwa hiyo nina maombi. Wakuu wa vyuo, hesabuni ulezi wa watafiti chipukizi katika kupandisha vyeo, na mwaka wa kwanza wa ajira mumpunguzie kijana vipindi ili apate saa za kutafiti. Wafadhili, badala ya warsha kumi za watu kumi tofauti, lipieni watu walewale wakutane mara kadhaa hadi kazi ikamilike. Vijana, msisubiri kualikwa: chukueni rasimu zenu, mbovu kama zilivyo, mzipeleke kwa wakubwa wenu na kwa wenzenu. Na wewe mhadhiri mwandamizi mwenzangu unayesoma haya, una kijana idarani kwako ambaye hajawahi kusomwa. Mwombe rasimu yake wiki hii, uisome yote, kisha mpangie tarehe ya kuirudisha ikiwa imerekebishwa.