Kifua cha Swala

Ibn Tufayl, mwanafalsafa wa Andalusia aliyefariki mwaka 1185, alitunga kisa cha Hayy, mtoto aliyelelewa na swala kisiwani, pasipo mtu wala kitabu. Kisha swala akafa. Akampasua kifua kutafuta kilichomtoka, akakuta chumba kimoja cha moyo kitupu. Hapo ndipo alipoanza kufikiri, hadi ukubwani akamjua Mungu kwa akili peke yake.

Ndicho kisa ninachokiandikia tasnifu ya uzamili. Hoja zake nilizikubali: ulimwengu hauwezi kujileta wenyewe. Kisha bibi akafariki. Wakati wa kumwosha, mimi ndiye niliyemimina maji. Mkono ulikuwa uleule, wenye kovu la mafuta ya maandazi, ila yeye hakuwemo. Hoja zote nilikuwa nazo kichwani, nzima. Nilichotaka kujua ni alikokwenda.

Nimekisoma upya. Kabla ya nyota na hoja, Hayy alikuwa na mama aliyekufa. Asingempenda, sidhani kama angeshika jiwe kumpasua.

Msimamizi wangu ameyazungushia duara maneno “peke yake”, pembeni kaweka alama ya kuuliza. Bado sijayafuta.