Mita 60 Zilizotugombanisha

Mpenzi msomaji, usinicheke. Mwaka huu mimi na mume wangu tumenuniana siku nne nzima, na hakukuwa na meseji ya usiku wala mshahara uliopotea njiani. Tuligombania majani. Tena majani yaliyopandwa na watoto wa sekondari.

Wakwe zangu wanaishi Utemini, Singida mjini. Mzee ana shamba ukingoni mwa ziwa Singidani, analima vitunguu pale tangu mume wangu akiwa shule ya msingi. Tulipofunga ndoa alitupa kipande cha chini, kile kinachogusa maji. Si unajua ndoto zetu sisi tunaolipa kodi ya nyumba Dar: kibaraza, viti viwili, jua linazama, heroe wanatembea majini, na kuku wa kienyeji wa Singida yuko jikoni anachemka. Nilishachora mpaka madirisha. Matofali elfu mbili yalikuwa yamepangwa uani kwa mama mkwe.

Februari tukaenda kusalimia. Binti wa shemeji yangu mkubwa, yuko kidato cha tatu, akaniamkia, "Shikamoo mama mdogo," halafu akatoa habari yake taratibu, kama mtu anayejua kuna kesi inakuja. Klabu yao ya mazingira shuleni ilikuwa imemwomba babu ruhusa ya kupanda ukanda wa majani kando ya ziwa. Babu kakubali. Kazi ni Jumamosi.

Nilikwenda kuangalia nikiwa nimejiandaa kukasirika. Nikakuta watoto kama thelathini, matope mpaka magotini. Walikuwa na miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, na kamba yenye jiwe inaning'inia katikati. Kamba ikitulia katikati kabisa, ujue miguu yote miwili iko usawa mmoja. Unapigilia vijiti, unasogea mbele. Mwisho unapata mstari unaokata mteremko, na kwenye mstari huo wanachomeka vetiva, shina kwa shina, upana wa kiganja tu.

Vetiva asili yake India. Kwa juu utadhani nyasi za kuezekea, lakini mizizi yake inashuka wima, inaweza kufika mita 3 ardhini, na chumvi inaivumilia. Ikishashikana, maji ya mvua yanayokuja mbio yamebeba udongo, samadi na mbolea ya dukani yanapungua kasi. Udongo unabaki nyuma ya majani na sehemu ya mbolea inanyonywa na mizizi. Yanayofika ziwani yamechujwa.

"Ziwa lenyewe la chumvi, hakuna anayekunywa," mume wangu akasema jioni mezani. "Wanamchujia nani?"

Binti akajibu macho yakiwa chini, kama inavyopasa kumjibu baba mdogo. Singidani halina mto unaotoka. Maji yanaondoka kwa jua, lakini udongo na mbolea vinabaki humo humo, pamoja na samaki na ndege. Kila msimu wa mvua ukileta udongo, kina kinapungua.

Hapo bado tulikuwa tunakula. Akaongeza la mwisho: Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, hairuhusu shughuli ya kudumu, wala inayoweza kuharibu hifadhi ya ukingo, ndani ya mita 60 kutoka ziwani. Wao walikuwa wamepima kwa kamba. Kibaraza changu kilikuwa mita 22.

Mume wangu hakumtazama binti. Alinitazama mimi. "Wewe ulikuwa unajua?"

Jamani. Nilikuwa najua. Miaka kadhaa nyuma nilihariri makala kuhusu mita hizo hizo 60, nikasahihisha mpaka nukta zake. Lakini ulipokuja mchoro wa nyumba yetu niliisahau, kwa makusudi kabisa. Nikamwacha baba watoto anunue matofali kwa hela ya akiba. Kwa hiyo zile siku nne za kununiana, kwa kweli, majani yalisingiziwa tu.

(Na wanafunzi kutangulia mbele ya wakubwa hakukuanza leo. Mwaka 1991 wanafunzi 12 walikusanyika kwa Jane Goodall, Dar es Salaam, na hapo ndipo ilipoanza Roots & Shoots, ambayo leo iko katika nchi nyingi duniani. Nilimwambia mume wangu hilo siku ya pili ya ugomvi. Halikusaidia.)

Aliyetusuluhisha ni mzee, bila hata kutaka. Siku ya nne alitupeleka shambani, akaonyesha mwembe ulio juu kabisa ya tulipotaka kujenga. "Mvua za El Niño za 1997 na 1998, maji yalifika hapa."

"Sasa baba, mbona hukutuambia?" mume wangu akauliza.

"Mlikuja na ramani, hamkuja na swali. Na mimi niliwapa bustani, sikuwapa mahali pa kulala."

Tuliporudi garini mume wangu alicheka kwanza. Mimi nikaomba msamaha, safari hii bila kuzungukazunguka. Hela ya matofali bado inamuuma, na simlaumu.

Mzee mwenyewe amekubali kupandisha matuta yake ya vitunguu juu ya mstari wa majani, ingawa kila tukipiga simu analalamika kwamba ardhi nzuri ilikuwa kule chini. Ni kweli, ilikuwa nzuri. Matofali bado yapo uani Utemini, kuku wa mama mkwe wanatagia katikati yake.

Wiki iliyopita, usiku, nilimsikia mume wangu sebuleni anaongea na simu kwa sauti ya chini. Zamani ningeshtuka. Nikasogea mlangoni. Alikuwa anamuuliza binti wa kaka yake kama mbuzi wamefika kwenye vetiva, na kama anaweza kumtumia hela ya miiba ya uzio bila mama mdogo kujua.