Mshindi Mmoja

Mashindano ya mpira wa miguu ni ya namna mbili: ligi na kombe. Ligi hufanana na kilimo. Mkulima akikosa mvua ya mwezi mmoja hutumaini mvua ya mwezi mwingine, na hesabu ya jasho lake hufanywa mwisho wa msimu, mavuno yanapopimwa. Kombe halina subira hiyo. Hufanana na daraja la gogo juu ya mto: avukaye salama huendelea na safari, lakini atelezaye haulizwi alikuwa ametembea vizuri kiasi gani kabla ya kuteleza. Timu ikifungwa leo katika kombe, kesho haimo. Kwa sababu hii kombe hupendwa na wanyonge na huogopwa na wenye nguvu. Mnyonge hahitaji kuwa bora mwaka mzima. Yamtosha kuwa bora kwa dakika 90.

Nataka, msomaji wangu, kukueleza habari za kombe la taifa letu la Kenya, kisha nikuungamie kosa nililolifanya mimi niliye mwalimu. Kombe nalipenda tangu utoto wangu, lakini kupenda kitu si kukifahamu.

Mashindano ya namna hii yana asili ya shule. Katika shule ya Harrow, Uingereza, wanafunzi wa mabweni mbalimbali walikuwa wakishindana kwa mtindo wa mtoano, bweni lililoshindwa likikaa pembeni. Mmoja wa waliosoma shule hiyo, Charles Alcock, alipokuwa katibu wa chama cha mpira cha nchi yake alipendekeza mtindo uo huo utumiwe na vilabu vya watu wazima. Hivyo mwaka 1871 likaanzishwa kombe la kwanza la taifa duniani. Vilabu vilivyojiandikisha vilikuwa 15 tu. Leo karibu kila nchi ina kombe lake, na mtoto wa shule asidhani kuwa ni jambo la wakubwa peke yao; wakubwa waliliazima kwa watoto.

Kombe letu limebadilisha majina mara nyingi, kwa kufuata nyakati na wafadhili. Wazee wetu walilijua kwa jina la Moi Golden Cup. Jina hubadilika, lakini thawabu yake kubwa haibadiliki: bingwa hupata nafasi ya kuiwakilisha Kenya mbele ya Afrika. Kwa mlango wa namna hiyo Gor Mahia iliingia katika Kombe la Washindi la Afrika, na mwaka 1987 ikalitwaa. Ilitoka sare ya mabao 2 kwa 2 na Espérance mjini Tunis, kisha sare ya 1 kwa 1 jijini Nairobi, na mabao yaliyofungwa ugenini yakawa ndiyo yaliyoamua.

Lakini sifa kubwa ya kombe si kuwapa wakubwa ukubwa zaidi, bali kuwainua wadogo. Mwaka 1998 Mathare United, timu ya vijana waliokulia katika mtaa wa mabanda wa Mathare, ilikuwa bado katika daraja la pili. Ilifika fainali ya kombe la taifa na kuifunga Eldoret KCC. Fikiri, msomaji, jinsi habari hiyo ilivyopokewa katika vijia vya mtaa ule, ambako watu walikuwa wamezoea kusikia jina la mtaa wao likitajwa kwa mambo ya huzuni tu.

Sisi wa Thika hatujapata furaha kama hiyo. Mji wetu umekaa baina ya mto Chania na mto Thika, nao ni mji wa viwanda: nguo, ngozi, mananasi ya makopo, mafuta ya kupikia. Timu zetu nazo zimenyonya maziwa ya viwanda. Thika United ilianza kwa jina la kiwanda cha maziwa chenye makao yake Ruiru, kisha ikachukua jina la mji, ikacheza miaka mingi katika ligi kuu. Watu walitoka kazini wakaenda uwanjani bila kupitia nyumbani, na ungeweza kumtambua mfanyakazi wa kila kiwanda kwa harufu ya nguo zake. Mwaka 2018 timu hiyo ikashuka daraja. Kombe la taifa haikulitwaa hata mara moja. Baadaye Bidco United, timu ya kiwanda cha mafuta, ikapanda hadi ligi kuu, na uwanja ule ule ukapata tena kelele za Jumamosi. Kwa hiyo mtu wa Thika amejifunza mpira kwa upande wa waliokosa, na nilidhani kwamba elimu hiyo ilikuwa imeniingia.

Sasa, msomaji, chukua kalamu tufanye hesabu ndogo. Ikiwa timu 64 zinaingia katika kombe, mechi za raundi ya kwanza zitakuwa 32, ya pili 16, kisha 8, kisha 4, kisha 2, na mwisho fainali 1. Jumla ni mechi 63. Kila mechi humtoa mmoja, basi waliotolewa ni 63, na aliyebaki ni mmoja. Anzisha kombe la timu elfu moja, utapata washindwa 999. Hesabu hii haina huruma, lakini ina hekima ndani yake. Yatuonyesha kwamba katika kombe kushindwa ndiko desturi, na kushinda ndiko ajabu. Anayemcheka aliyetolewa anawacheka wote isipokuwa mmoja, na huenda mmoja huyo si yeye.

Hesabu hiyo nimewafundisha wanafunzi wangu ubaoni mara nyingi. Sasa sikia jinsi mwalimu alivyoisahau.

Mwezi wa Juni mwaka 2025 shule yetu ilicheza mechi ya mtoano dhidi ya shule jirani. Mimi ndimi niliyewafunza vijana. Tulitoka sare, ikawa lazima mshindi apatikane kwa mikwaju ya penalti. Mpigaji wetu wa tano alikuwa mvulana wa kidato cha tatu kutoka Ruiru, mtulivu, hodari wa hisabati kuliko wa maneno. Nukta ya penalti iko mita 11 kutoka langoni. Lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, nalo kwa mtazamaji huonekana pana kama ukumbi. Kwa mpigaji huonekana kama tundu la ufunguo. Kijana aliweka mpira, akarudi nyuma hatua nne, akapiga. Mpira ukapaa juu ya mwamba ukaangukia katika shamba la mahindi. Tukatolewa.

Vijana wenzake walikuwa wamemzunguka, mmoja ameweka mkono begani mwake. Nami nikafika, nikasema mbele yao wote, "Kazi ya mwaka mzima umeirusha shambani." Mkono ule ukaondoka begani. Maji yakimwagika hayazoleki; niliyaona maneno yangu yakimwagika, nami sikuinama hata kujaribu kuyazoa.

Jumatatu hakuja shuleni. Jumanne hakuja. Juma zima likapita na dawati lake likawa tupu. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa namna ya kuandaa somo, namna ya kusahihisha madaftari na namna ya kutuliza darasa lenye fujo. Sikumbuki somo lililohusu mwalimu aliyelifanya dawati kuwa tupu kwa kinywa chake mwenyewe.

Jumapili, tarehe 29 Juni, nilipanda matatu hadi Ruiru. Mama yake huuza mboga kando ya njia. Alinikaribisha kwa heshima ambayo sikuistahili, akanipa sanduku nikae, akasema, "Karibu, mwalimu. Yuko nyuma anapanga nyanya. Sijui huko shuleni kulikuwa na nini. Amesema hataki kusoma tena, afadhali anisaidie hapa."

Kijana akaja, akaniamkia, akasimama ameinamisha macho. Nilikuwa nimeandaa hotuba njiani, lakini hotuba zote hufa zinapokutana na uso wa mtu. Tukanyamaza. Saa ile ile katika uwanja wa Ulinzi, Nairobi, ilikuwa ikichezwa fainali ya kombe la taifa: Gor Mahia, timu yenye ubingwa wa ligi mara nyingi kuliko yoyote nchini, na Nairobi United, ambayo msimu ule ilikuwa katika daraja la pili. Vijana wa duka la jirani walikuwa wakifuata habari kwa simu. Mara zikapanda kelele, na mmoja akapita akitangaza: Nairobi United 2, Gor Mahia 1. Mdogo amemtoa mkubwa.

Kijana akaniuliza, "Mwalimu, na wale wachezaji wa Gor, kesho watafanya nini?"

Nikamjibu, "Watapumzika siku chache, kisha watarudi mazoezini."

"Hakuna atakayewafukuza?"

Hapo nilielewa kwamba swali halikuwa la Gor Mahia. Nikamwambia, "Nilikukosea. Nilisema kwa hasira, na hasira si kweli. Hukutupa kazi ya mtu. Ulikubali kupiga mkwaju ambao wenzako wawili walikuwa wamenikatalia."

Akafikiri kidogo, kisha akasema kwa adabu, "Ahsante, mwalimu. Lakini ulisema mbele yao, na haya unaniambia hapa kwa mama."

Msomaji wangu, nimesahihisha madaftari mengi sana, lakini siku hiyo nilisahihishwa mimi, tena kwa haki. Tusi la hadharani haliombewi msamaha faraghani. Jumatatu asubuhi, katika gwaride, nilisimama mbele ya shule nikaeleza nilichosema, nikasema kwamba kilikuwa uongo, nikaomba radhi. Miguu yangu ilitetemeka. Nadhani ndivyo miguu yake ilivyotetemeka katika nukta ile ya mita 11, tofauti ikiwa yeye alikuwa na miaka 17 na mimi nimevuka 30.

Alirudi darasani Jumatano. Timu hakuirudia mara moja, nami sikumsihi. Baada ya majuma kadhaa niliwaona wakicheza jioni, darasa kwa darasa, akapewa penalti. Akakosa tena: mpira uligonga mlingoti. Akacheka, akaukimbilia mwenyewe, akaurudisha uwanjani.

Nimekusimulia haya kwa sababu najua hofu uliyo nayo wewe unayesoma kitabu hiki. Mbele yako uko mtihani, na watu wameufanya mtihani huo kuwa kombe: siku chache, karatasi chache, kisha mmoja anainuliwa juu na wengine wanaulizwa walikuwa wapi. Sikuambii uudharau. Siku za kombe zipo katika maisha, na anayezifikia bila maandalizi hujidhulumu. Nairobi United haikuifunga Gor Mahia kwa bahati tu. Mwaka uo huo iliingia katika mashindano ya Afrika, ikaitoa Étoile du Sahel ya Tunisia kwa mikwaju ya penalti, ikafika hatua ya makundi. Nyuma ya dakika 90 za mnyonge kuna asubuhi nyingi za mazoezi ambazo hakuna aliyezitazama.

Lakini maisha yenyewe, ukiyatazama kwa urefu wake, ni ligi. Mwaka 2024 fainali ya kombe letu kati ya Kenya Police na KCB iliamuliwa kwa penalti 8 kwa 7. Wanaume waliokomaa, wanaoishi kwa mpira, walikosa kama alivyokosa mwanafunzi wangu, na msimu uliofuata walikuwa uwanjani tena wakitafuta pointi. Wahenga walisema asiyekubali kushindwa si mshindani. Mimi ningeongeza kwamba asiyejua kumpokea aliyeshindwa si mwalimu, wala si rafiki, wala si mzazi.

Basi, msomaji, ikiwa siku moja utatolewa, kumbuka ile hesabu ya 63 na mmoja: uko pamoja na wengi, na wengi hao ndio wanaojaza viwanja mwaka ujao. Na ikiwa siku hiyo atakayetolewa ni mwenzako, ukaona mkono wa mtu umekaa begani mwake, usiseme neno litakalouondoa. Ongeza na wako.