Mtoto Mwenye Ndevu

Mdogo wangu ana umri wa miaka 26 na ana usonji. Mwaka jana nilimpeleka katika hospitali ya serikali akapimwe, ili asajiliwe kuwa mtu mwenye ulemavu. Karani aliitazama fomu, akaniuliza, "Mtoto mwenyewe yuko wapi?" Nikamwonyesha mwanamume mwenye ndevu, aliyeziba masikio kwa kelele za foleni. Waliokuwa karibu walinong'onezana kwamba amevuta bangi.

Karani yule simlaumu. Wengi wetu hudhani usonji ni jambo la watoto tu. Alipokuwa mdogo, ndugu yangu alipata darasa maalum na mwalimu aliyemwelewa. Alipokua, milango ikafungwa. Usonji haukumtoka.

Tulirudi mara tatu ndipo madaktari wakaijaza ripoti. Leo ana kadi ya Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Kadi haileti kazi, lakini akiipata kazi, bila usajili huo hawezi kuomba msamaha wa ushuru. Na Katiba ya 2010, kifungu cha 54, inasema atendewe kwa heshima.

Mama amezeeka. Kila mara huniuliza, "Nikifa, huyu atakaa na nani?" Humjibu, "Na mimi, mama." Lakini mimi pia nitazeeka.

Basi wewe unayemficha wako chumbani, mtoe akapimwe, hata kama ana mvi. Asiyehesabiwa hatengewi fungu.