Kuchora Viluwiluwi kwa PowerPoint

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na safari hii kisingizio changu si kazi wala stima kupotea. Nilikuwa nachora mbu.

Mambo yalianza hivi. Dada yangu mdogo, anayesomea shahada ya uzamili katika biolojia, alirudishiwa tasnifu yake ikiwa imejaa wino mwekundu. Picha zote za mbu alizokuwa amezitoa kwenye mtandao ziondolewe, maana hakuwa na ruhusa ya wenyewe. Zilikuwa zimebaki siku 9 awasilishe. Akanipigia simu: "Kaka, si wewe ndiye mtu wa tarakilishi? Nichoree."

Kuandika programu si kuchora, lakini nani atakubali hilo mbele ya mdogo wake? Nikamwelekeza kwenye Inkscape, programu ya bure ya kuchorea. Ni programu nzuri sana, ila si ya kujifunza ukiwa na haraka. Siku 2 zikapotea akitafuta vitufe. Siku ya tatu akanitumia faili: alikuwa amemchora mbu mzima kwa PowerPoint. Nilicheka. Kisha nikaukuza mchoro hadi asilimia 400, kicheko kikaniisha. Kila mstari ulikuwa safi, bila vijisanduku vile tunavyoviona picha ikivutwa.

Sababu ni kwamba maumbo ya PowerPoint hayahifadhiwi kama nukta za rangi. Yanahifadhiwa kama maelezo ya mistari na mikunjo, na tarakilishi huyachora upya kila unapobadilisha ukubwa. Ni vekta, sawa na za Inkscape. Mimi miaka yote nilidhani ni za kupambia slaidi za mikutano.

Basi tukagawana kazi. Haya ndiyo niliyojifunza, huenda yakakufaa:

Kwanza, umbo huria. Unabofya nukta baada ya nukta kuzunguka kitu, halafu unabofya kitufe cha kulia cha kipanya na kuchagua kuhariri nukta, unazikunja pembe moja moja. Tumbo la mbu hutoka hivyo.

Pili, kuunganisha maumbo. Tangu toleo la 2013 amri hizi zimewekwa wazi kwenye menyu: unaweza kuunganisha maumbo mawili, au kukata moja kwa kutumia jingine. LibreOffice Impress, ambayo ni ya bure, nayo inafanya hivyo.

Tatu, Ctrl+D. Chora unywele mmoja, unakili, usogeze nakala mahali pake, kisha bonyeza Ctrl+D tena na tena. Nakala zinazofuata hujipanga kwa nafasi ile ile.

Nne, mstari wa kipimo uwekwe kwenye kundi moja na mchoro. Ukiandika tu "mara 40", siku utakayoupunguza mchoro maandishi hayo yatakuwa uongo. Mstari ulio ndani ya kundi hupungua pamoja na mbu wake.

Hiyo Ctrl+D ndiyo iliyoniponza. Nilipewa viluwiluwi vya aina mbili, Culex na Anopheles. Nikachora kimoja kwa uangalifu, kichwa chini, mrija wa kupumulia ukigusa uso wa maji. Nikakinakili, nikabadilisha jina, nikamtumia nikijisifu. Jibu likaja baada ya dakika chache:

"Kaka, hawa umewafanya mapacha! Wa Anopheles hana mrija. Hulala sambamba na uso wa maji. Mtu akifundishwa kwa mchoro huu atachungulia dimbwi lililojaa Anopheles na aseme ni salama."

Nilinyamaza. Katika kazi yangu kosa kama hilo huonekana, programu inakataa kuenda na unaambiwa ni mstari gani. Mchoro haukatai. Unapendeza tu, na mbu wa malaria anapita. Nikafuta nikaanza upya, safari hii nikiwa na maelezo yake mkononi. Hata mbu wakubwa niliwarekebisha: Anopheles akitua huinua tumbo, mwili ukiwa umeinama kwa takriban nyuzi 45, na Culex hukaa karibu sambamba na mahali alipotua. Kwenye kisanduku cha kuzungusha unaandika tu tarakimu.

Mtego wa mwisho ulikuwa kwenye uchapishaji. Tulihifadhi slaidi kama picha ya PNG, ikatoka na ukungu. Toleo lake la PowerPoint lilitoa nukta 96 tu kwa inchi, yaani nukta 1280 kwa upana wa slaidi nzima. Ukichapisha kwa nukta 300 kwa inchi, hizo zinatosha inchi 4 na kidogo. Tukaihifadhi kama PDF, mistari ikabaki mistari, na ukungu ukaisha.

Aliwasilisha siku moja kabla ya mwisho. Chini ya kila mchoro ameandika kuwa umechorwa na yeye mwenyewe. Jina langu halipo, na sikuuliza. Mimi nilishika kipanya tu. Aliyejua mbu ni yeye.

Inkscape bado naipenda, na dada ameahidi kuijifunza akipata nafasi. Ila sitamcheka tena mtu anayechora kwa PowerPoint. Tuonane wiki ijayo, Mungu akipenda.